Jinsi ya kuulizia kipimo cha vinasaba kabla hujaanza dawa inayoweza kukudhuru

Wengi wetu tukisikia kipimo cha vinasaba akili inaenda moja kwa moja kwa Mkemia Mkuu, mambo ya kumtafuta baba wa mtoto. Hiki ninachoongelea hapa ni kingine kabisa. Hiki kinaangalia sehemu chache tu za jeni zako zinazohusika na dawa fulani, ili ijulikane mapema kama hiyo dawa itakutibu tu au itakubabua ngozi, itapasua chembechembe nyekundu za damu, itaharibu masikio, au itarundikana mwilini mpaka iwe sumu wakati dozi ni ile ile aliyomeza jirani yako na akapona bila shida yoyote. Mi ni mfamasia, na kinachoniuma ni kuona mgonjwa anaulizwa "una aleji?" anasema hapana, imeisha, anapewa dawa anaondoka. Hilo swali moja halitoshi kabisa.

Sasa shika hili kwanza. Hakuna kipimo kimoja cha dawa zote. Kila kipimo kinajibu swali la dawa fulani na jeni fulani, kwa hiyo ukienda maabara ukasema nipimeni vinasaba nijue dawa zinazonidhuru, watakushangaa, au watakuuzia kipimo cha bei kubwa ambacho hakihusiani hata kidogo na dawa unayoenda kuanza. Anza na jina la dawa. Na sio lile jina kubwa la kampuni juu ya boksi, ni lile dogo la chini yake, ndo jina halisi la dawa. Piga picha boksi, au mwombe dokta akuandikie kwenye karatasi kwa herufi zinazosomeka, usione aibu, ni haki yako.

Ukishapata jina, kabla hata ya kufikiria maabara, rudi nyumbani uulize wazee. Hii hatua watu wanairuka na ni ya bure. Muulize mama, shangazi, mjomba, bibi kama yupo: kuna mtu kwenye ukoo wetu alishawahi kunywa dawa akakojoa mkojo mweusi kama kokakola? Kuna mtoto alizaliwa akawa wa manjano sana mpaka akawekwa kwenye taa au akaongezwa damu? Kuna mtu alibabuka ngozi na midomo baada ya dawa ya kifafa? Kuna aliyechomwa sindano za usaha au za TB akatoka hospitali hasikii? Kuna aliyechelewa kuamka au kurudisha pumzi baada ya nusu kaputi, au aliyefia tiba ya kawaida tu na watu wakasema karogwa? Hilo la mwisho naliuliza kwa heshima kabisa maana ndani ya hizo simulizi mara nyingi kuna jina la dawa limefichika, na ukilipata umeshampa dokta wako kitu kikubwa.

Hayo ya masikio yasikilize hasa kama ni upande wa mama. Kuna badiliko moja linaitwa m.1555A>G, linapitia kwa mama tu kwenda kwa watoto wake wote, na mwenye nalo akichomwa jentamaisini au dawa za kundi hilo anaweza kupoteza usikivu moja kwa moja hata kama dozi ilikuwa sahihi. Uingereza, Manchester, wameshatengeneza kipimo cha kitandani, wanapangusa shavu la mtoto mchanga kwa pamba na jibu linatoka ndani ya nusu saa, kabla hajachomwa sindano ya kwanza. Kwetu jentamaisini inatumika sana kwa watoto wachanga wenye maambukizi na inaokoa maisha, kwa hiyo usije ukaikataa kwa kusoma hapa. Ila kama mama mzazi, bibi au mjomba wa upande wa mama aliziba masikio baada ya sindano za aina hiyo, sema. Sema mapema, sema kwa sauti, dokta anaweza kuwa na dawa mbadala.

Tuje kwenye G6PD, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo inayotuhusu zaidi watu wa ukanda wa malaria na pia ndo kipimo rahisi kukipata.

G6PD ni kimeng'enya kinacholinda chembechembe nyekundu za damu. Inakadiriwa watu milioni 400 hivi duniani wana upungufu wake, na wengi wako sehemu zenye malaria au zilizokuwa na malaria zamani, maana upungufu huo unampa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Mwenye upungufu anaishi vizuri tu miaka na miaka, hajui, mpaka siku amekutana na dawa isiyomfaa, chembechembe zinapasuka kwa wingi, mkojo unakuwa mweusi, macho manjano, anaishiwa nguvu na pumzi. Jambo hili lilieleweka mwaka 1956 na watafiti wa Marekani waliokuwa wanachunguza primakwini, dawa ya malaria, kwa wafungwa wa gereza la Stateville kule Illinois, kwa nini baadhi yao damu inapasuka na wengine hawana habari. Na sio historia ya mbali tu: dawa ya malaria ya Lapdap, yenye dapsoni ndani yake, ilianza kutumika Afrika mwaka 2003 na 2008 ikaondolewa sokoni kwa sababu ilikuwa inashusha damu vibaya kwa wenye upungufu wa G6PD. Watoto wa Kiafrika ndio waliolipia hilo somo na mi naona ni deni, tunatakiwa tulijue hili jambo kuliko mtu yeyote duniani.

Dawa za kuulizia kipimo cha G6PD ni hizi: dapsoni (wanaotibiwa ukoma wanaijua), tafenokwini ya malaria, primakwini ile ya kumeza siku nyingi kwa malaria ya aina ya vivaksi, rasburikesi kwa wagonjwa wa kansa, na metilini bluu inayotumika hospitali. Nitrofurantoini ya UTI nayo ni ya kuwa nayo makini. Ile primakwini ya dozi moja ndogo inayotolewa pamoja na dawa mseto, miligramu 0.25 kwa kilo, WHO tangu 2012 wamesema inatolewa bila kupima, kwa hiyo ukipewa hiyo usiogope. Na Septrin, aspirini, kwinini ambazo watu wanaziweka kwenye orodha ndefu za kutishana, kwa dozi za kawaida miongozo ya sasa inaziweka kwenye hatari ndogo au hakuna. Naandika hivi kwa sababu nimeona mama anakataa Septrin ya mtoto mwenye VVU kisa orodha aliyotumiwa wasapu. Usifanye hivyo. Muulize mfamasia kuhusu dawa moja moja.

Kupima kwenyewe ni tone la damu. Kuna kipimo cha haraka kinachosema tu "kawaida" au "pungufu", na kuna mashine ndogo inayotoa namba, kiwango cha kimeng'enya. Kwa mwanaume kile cha haraka kinatosha mara nyingi, maana jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya X na mwanaume anayo moja, kwa hiyo ama anayo nzima ama mbovu. Mwanamke ana mbili. Anaweza kuwa na nusu nzima na nusu mbovu, kipimo cha haraka kikamsoma kawaida, akapewa tafenokwini na damu ikapasuka. Ndo maana kwa tafenokwini wanataka namba, zaidi ya asilimia 70 ndo upewe. Dada zangu, ukiambiwa umepimwa G6PD uko sawa, uliza: ni kile cha haraka au cha namba? Kama ni cha namba, ngapi?

Halafu muda wa kupima. Usipime wakati damu inapasuka, wala muda mfupi baada ya kuongezwa damu. Chembechembe kuukuu ndo zinazopasuka kwanza, zinabaki changa zenye kimeng'enya kingi, basi jibu linatoka zuri kumbe la uongo. Na ukiwa umeongezwa damu utakuwa unapima kimeng'enya cha aliyekuchangia. Kama jibu lilitoka wakati huo na lilisema kawaida, rudia baada ya kama miezi mitatu. Kipimo chenyewe cha jeni hakidanganyiki na kupasuka kwa damu, ila si kila maabara inacho.

Kwa ndugu zetu walioko Oman na Ghuba hili ni kubwa zaidi. Oman karibu robo ya wanaume wana upungufu, na aina inayopatikana sana kule ni kali kuliko ile ya kwetu Afrika, hata kula baghala (yale maharage makubwa ya fava) kunaweza kumwangusha mtu. Kama familia yenu ina damu ya Maskati na ya Unguja, pimeni watoto wa kiume mapema, na vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kuwekea nguo kabatini viondoeni kabisa kwenye nguo za mtoto mchanga.

Sasa ARV. Abakaviri ipo kwenye dawa za watoto wengi wenye VVU Kenya, Tanzania na Uganda. Mwenye jeni iitwayo HLA-B*57:01 anaweza kupata mzio mkali ndani ya wiki sita za mwanzo: homa, vipele, kutapika au kuharisha, kikohozi, kuchoka, na kila siku dalili zinazidi. Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa PREDICT-1, wagonjwa 1,956 kutoka nchi 19, waliopimwa kwanza na wenye hiyo jeni wakanyimwa abakaviri, mzio uliothibitishwa ulikuwa sifuri, wakati kwa wasiopimwa ulikuwa asilimia 2.7. Hicho ndo kipimo cha vinasaba kilichofanya kazi yake kikamilifu.

Tatizo kwetu ni kwamba utasikia "Waafrika hawana hiyo jeni". Waafrika wepi? Walipoangalia, Wayoruba wa Nigeria ilikuwa asilimia 0, Waluhya wa Kenya 3.3, Wamasai wa Kenya 13.6. Nchi moja, makabila mawili, tofauti mara nne. Kwa hiyo mtu akikujibu kwa rangi ya ngozi yako mwambie kwa upole kwamba rangi sio kipimo. Kama kliniki yenu ya CTC au CCC haina kipimo, na nyingi hazina, basi kazi yako ni kuangalia dalili wiki sita hizo, na mtoto akianza homa na vipele unampeleka kliniki siku hiyo hiyo, huachi dawa kimya kimya nyumbani wala hungoji tarehe ya kliniki. Na likishaamuliwa kwamba ni mzio wa abakaviri, dawa hiyo hairudiwi milele. Narudia, hairudiwi. Kuirudia baada ya kuacha kunaweza kuua ndani ya masaa. Iandike kwenye kadi ya mtoto kwa wino mwekundu.

Dawa ya kifafa ya kabamazepini (Tegretol mnaijua) ina kipimo chake, HLA-B*15:02, kinachotabiri ule ugonjwa wa ngozi kubabuka wa Stevens-Johnson, ila jeni hiyo iko zaidi kwa watu wa Asia ya Kusini Mashariki na Wachina, kwa Mwafrika ni adimu. Hapo usipoteze hela. Dawa ya gauti, alopurinoli, yake ni HLA-B*58:01, na wataalamu wa mifupa na viungo wa Marekani tangu 2020 wanashauri kupima kabla ya kuanza kwa wenye asili ya Asia ya Kusini Mashariki na pia Wamarekani weusi. Kama uko Marekani na umeandikiwa alopurinoli, ulizia.

Kundi lingine ni jeni za ini zinazovunja dawa, hizi zinaandikwa CYP na namba. Hapa shida sio aleji, ni spidi. Kodeini, ile ya maumivu na kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, mwili unaigeuza kuwa mofini kupitia CYP2D6, na wapo watu wenye nakala za ziada za hiyo jeni, wanaigeuza haraka mno mpaka pumzi inashuka. Ethiopia utafiti wa 1996 ulikuta asilimia 29 wana nakala za ziada, na Saudi Arabia nako wapo wengi. Ndo maana Marekani tangu 2017 kodeini hairuhusiwi kabisa kwa mtoto chini ya miaka 12. Kwa mtoto hapo huhitaji hata kipimo, usimpe tu.

Efavirenzi, ARV nyingine, nayo ilitufundisha. Jeni ya CYP2B6 kwa Waafrika wengi ni ya taratibu, dawa inarundikana, mtu anaota ndoto za kutisha, kizunguzungu, wengine wanachanganyikiwa. Zimbabwe walipoifanya dawa ya mstari wa mbele mwaka 2015 malalamiko yakawa mengi, wakati profesa Collen Masimirembwa na wenzake pale Harare walishaonya kwamba watu wenye jeni mbili za taratibu wanahitaji dozi ndogo. Saizi wengi wamehamia ARV ya dolutegraviri kwa hiyo moto umepungua, lakini kama bado uko kwenye efavirenzi na usiku hulali, usikae kimya ukadhani ni mawazo, mwambie muuguzi, dozi inapunguzwa au dawa inabadilishwa. Isoniazidi ya TB vile vile, wa taratibu ni wengi Afrika Mashariki, ini na neva za miguu zinaumia. Kipimo cha jeni yake, NAT2, kliniki hazikifanyi, ulinzi wako pale ni vidonge vya B6 na kuwahi kuripoti macho ya manjano.

Walioko Ulaya na mnaotibiwa kansa, hii aya ni yenu. Kabla ya fluorourasili au kapesitabini, mamlaka ya dawa ya Ulaya tangu 2020 inashauri upimwe upungufu wa DPD, kimeng'enya kinachovunja dawa hizo, jeni yake DPYD, kwa sababu mwenye upungufu anaweza kufa kwa dozi ya kawaida. Shida ni kwamba kipimo cha kawaida cha jeni sehemu nyingi kinaangalia mabadiliko manne yaliyopatikana zaidi kwa Wazungu. Kuna lingine, c.557A>G, ambalo liko kwa watu wenye asili ya Afrika na kwenye hayo manne halimo. Kwa hiyo unaambiwa "jeni yako iko sawa" wakati lako halikuangaliwa. Swali la kumuuliza dokta ni hili hapa, liandike lilivyo: "Kipimo changu cha DPYD kimeangalia c.557A>G? Kama hapana, mnaweza kunipima urasili kwenye damu?" Kupima urasili kunaonyesha kazi ya kimeng'enya chenyewe, haijali unatoka wapi.

Na wafarini ya kuyeyusha damu, hadithi ni ile ile. Marekani utafiti wa COAG wa 2013 ulitumia jeni kupanga dozi, wagonjwa weusi wakafanya vibaya kuliko waliopangiwa bila jeni, kwa sababu hesabu haikuwa na mabadiliko yanayopatikana kwa Waafrika. Kipimo kisichokujua ni hatari kuliko kutopima, maana kinakupa amani ya uongo.

Haya, unaombaje sasa. Mwambie dokta hivi: "Dokta, hii dawa kuna kipimo cha jeni kinachoshauriwa kabla ya kuanza? Hospitali hii mnacho? Jibu linachukua siku ngapi, na dawa inaweza kusubiri?" Hilo la mwisho ni muhimu sana, maana kuna dawa ukisubiri wiki mbili utakuwa umekufa kwa ugonjwa wenyewe. Kama dawa ni ya dharura, unaanza unaangaliwa kwa karibu. Kama ni ya kudumu na kuna mbadala, subiri jibu. Hospitali ya wilaya mara nyingi watakuwa na G6PD tu au hawana, HLA na CYP utazipata hospitali kubwa za rufaa, vyuo vya tiba vyenye utafiti, au maabara binafsi zinazosafirisha sampuli nje, uliza bei kabla hujatoa damu na uliza kama bima inalipa. Uliza pia jeni gani na mabadiliko yapi wanaangalia, kwa maandishi. Wakishindwa kukuambia, okoa hela yako.

Sampuli ni damu kidogo au mate. Utaombwa ridhaa, isome. Tanzania kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, na Kenya sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu taarifa za jeni kuwa nyeti, kwa hiyo mwajiri wala mchumba hana ruhusa ya kuletewa jibu lako. Vile vipimo vya kuagiza mtandaoni vya kutafuta asili yako, hata vikiandika kitu kuhusu dawa, usibadilishe dozi kwa hicho, peleka kwa dokta kithibitishwe.

Jibu likitoka lisiishie kwenye faili la hospitali. Jeni haibadiliki, jibu la leo litafaa ukiwa na miaka 70. Lipige picha, liweke kwenye simu, nakala mpe mwenza au mtoto mkubwa, na andika kikaratasi cha kukaa kwenye pochi: jina lako, jeni, jibu, dawa za kukwepa. Ukinunua dawa dukani onyesha. Halafu waambie ndugu zako wa damu, maana ukiwa na G6PD pungufu kaka yako kwa mama naye anaweza kuwa nayo.

Jibu zuri nalo lina mipaka. Vipele vya SP (ile dawa ya malaria) na Septrin vinavyotokana na salfa, vipimo hivi vya HLA nilivyotaja havivioni. Figo mbovu, ini lililochoka, pombe, dawa za mitishamba zinazogongana na za hospitali, vyote hivyo haviko kwenye jeni. Kwa hiyo hata umepimwa, ukiona ngozi inatoa malengelenge, vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho mekundu na homa, mkojo mweusi, uso kuvimba au pumzi kubana, nenda hospitali saa hiyo hiyo na boksi la dawa mkononi.

Na ukishatulia, ripoti kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako. Tanzania ni TMDA, Kenya ni PPB, Uganda ni NDA, wote wanapokea taarifa za madhara ya dawa hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, fomu utaipata hospitali au kwenye tovuti zao. Andika jina la dawa, namba ya toleo iliyo kwenye boksi, siku uliyoanza, siku dalili zilipoanza na ulivyojisikia. Kama dokta anasema hana muda wa kuijaza, ijaze wewe.